Mrejesho: koki iliyokuwa ikivuja kwenye pipa la soda kostiki

Wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini koki ya pipa letu la myeyusho wa soda kostiki (kemikali kali inayounguza ngozi) wa asilimia 50 ilikuwa ikivuja, na kama kuibadilisha tu kungetosha. Nawashukuru walionijibu, hasa aliyeniuliza kama koki hiyo ni ya alumini, kwa kuwa upande huo sikuwa nimeufikiria hata kidogo. Tulipoifungua, tukiwa tumevaa glavu ndefu na kinga ya uso mzima, tulikuta koki ni ya alumini kweli na nyuzi zake za skrubu zimeliwa hadi zikafanana na sponji, na tone lililosalia lilikuwa bado likitoa viputo vidogo. Viputo hivyo ni haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi ambayo hutokea soda kostiki inapokula alumini, nasi tulikuwa tukichomelea vyuma hatua chache kutoka hapo.

Sasa tumeweka koki ya polipropilini (aina ya plastiki), tumeondoa vyombo vyote vya alumini na vya mabati, na mapipa yamekaa ndani ya beseni la kuzuia umwagikaji, mbali na asidi. Kuhusu kuganda mlikuwa sahihi: myeyusho wa kiwango hicho huanza kuganda kwenye nyuzijoto 12 hivi za Selsiasi, kwa hiyo ule ukoko mweupe niliouuliza ulikuwa soda iliyoganda, si uchafu kama nilivyodai kwa kujiamini. Tunapoupunguza makali, soda humiminwa polepole ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya soda.

Kilichobaki ni bomba la kuoshea macho, ambalo linapaswa kutiririsha maji kwa dakika 15 mfululizo. Letu hukauka baada ya dakika sita, na fundi anaongeza tangi.