Naomba ushauri: nianze na flashi ya nje au lenzi pana?

Jambo zenu wandugu wapiga picha. Niko Goma, napiga picha ndani ya ziwa Kivu, kwenye mawe ya lava iliyoingia majini volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002. Sishuki sana, mita nne au tano hivi, kwa miwani na mrija tu.

Kamera ni Olympus TG-6, yenyewe inavumilia mita 15 bila kasha. Shida: lava nyeusi inameza mwanga, maji yanaleta ukijani, na nikiwasha flashi ya kamera, vichembe vilivyo majini vinang'aa mbele ya lenzi kama unga wa muhogo uliomwagika. Samaki mwenyewe humuoni! Nimejaribu kupanga rangi nyeupe kwa mkono (white balance, kuionyesha kamera nyeupe ni ipi), pia kupiga RAW (picha ghafi) na kurekebisha kwenye kompyuta. Ukijani unapungua, vichembe vinabaki. Kusogea karibu kunasaidia, ila mwamba mzima hauingii kwenye picha.

Kubadili kamera siwezi kwa sasa. Dola zinatosha kitu kimoja. Nianze na flashi ya nje yenye mkono, au lenzi pana, inayoona eneo kubwa hata nikisogea karibu? Na kama ni flashi, moja inatosha kwa mawe meusi hivi?