Kupunguza bili ya stima kwa asilimia 15 kwenye jengo la ofisi Kisumu: tuanzie wapi?

Msimamizi_Jengo
Wadau, habari zenu. Makao makuu yetu Nairobi yameagiza kila tawi lipunguze matumizi ya stima kwa asilimia 15 ndani ya mwaka mmoja. Jengo letu liko katikati ya Kisumu, ghorofa tano, na ukuta mrefu wa vioo unatazama ziwa. Bili ya mwezi huwa kama yuniti 38,000, kilele (mzigo mkubwa kabisa wa mwezi) cha 160 kVA, pawa fakta 0.82, yaani sehemu ya mzigo huo inayofanya kazi kweli. Tuna AC 46, taa za mrija 240 za futi nne (wati 36, zenye choki za zamani, yaani koili za kudhibiti mkondo wa taa), pampu ya kupandisha maji tangini na chumba cha seva. Tumeletewa stika za "Zima taa" pamoja na bajeti ya kuweka LED jengo zima. Hayo yatatosha?

Fundi415
Hayatoshi, na hesabu yenyewe iko wazi. Mrija wa wati 36 na choki yake hula karibu wati 45. LED ya wati 18 inaokoa wati 27. Zidisha kwa taa 240, saa 10 kwa siku, siku 22: kama yuniti 1,425 kwa mwezi, yaani hata asilimia 4 haifiki. Badilisheni, ila msidhani kazi imekwisha.

Mkibadilisha, toeni stata (kidude cha kuwashia mrija) na mkate choki kabisa. Choki ikibaki kwenye njia inaendelea kupata joto na kula stima, na siku choki ikiungua, LED ambayo bado ni nzima inazimika nayo. Chunguzeni pia kama mrija unapokea laini na nyutro upande mmoja au pande mbili. Ukiuchomeka kwenye holda iliyofungwa waya kwa mtindo mwingine, unaweza kupiga shoti na kuangusha breka.

Pesa nyingi zinapotea jengo likiwa tupu. Mwezi una saa 720, na nyinyi mnafanya kazi kama 220. Someni mita Jumamosi saa 2 usiku, msome tena Jumapili saa 2 usiku, tofauti mgawe kwa 24. Kama mita inapitia CT (koili inayopunguza mkondo ili mita iweze kuupima), angalieni kwanza kama namba mnayosoma inahitaji kuzidishwa. Wengi husahau hapo wakapata jibu dogo la kuchekesha.

Kondele_Pawa
Pawa fakta ya 0.82 isiachwe. Kwa wateja wa 415 V, Kenya Power hutoza kilele kwa kVA, na chini ya 0.90 kuna adhabu juu yake. Kilele chenu cha 160 kVA ni kama kW 131 tu. Mkifika 0.95 kinashuka hadi 138 kVA hivi. Kepasita, vifaa vya kupandisha pawa fakta, zinazohitajika ni kama kVAr 48 (kipimo cha ukubwa wake), kwa hiyo chukueni benki, yaani kabati la kepasita, ya 60 yenye hatua ndogo ndogo: 5, 5, 10, 10, 10 na 20. Ikiwa na hatua kubwa tupu, usiku mzigo ukipungua itawashwa na kuzimwa ovyo hadi kontakta (swichi zake) ziungue.

Makosa mawili hujirudia. CT ya kidhibiti, kinachowasha na kuzima hatua za benki, hufungwa kwenye fezi tofauti na ile inayotarajiwa na kidhibiti, au hufungwa baada ya benki badala ya kwenye laini kuu, na kidhibiti kinasoma upuuzi. La pili, kama mna UPS kubwa na inveta nyingi, mawimbi machafu huvimbisha kepasita. Nunueni zenye rieakta, koili za kuzikinga na mawimbi hayo. Na mjue kwamba hii inashusha shilingi, haishushi yuniti. Makao makuu wakipima kwa yuniti hawataiona.

Baridi_Kibos
Vioo vinavyotazama ziwa vinatazama magharibi, kwa hiyo jua la saa 9 hadi saa 12 jioni linaingia moja kwa moja. Pazia la ndani linachelewa, kwa sababu joto limeshapita kioo. Wekeni kivuli nje, fremu zenye mbao au bati la wima. Juu pia: kama paa ni mabati, rangi nyeupe ya kurudisha jua itasaidia ghorofa ya tano kuliko AC mpya.

AC ziwekwe nyuzi 24 au 25. Mtu akiweka 18 chumba hakipoi haraka zaidi, kompresa ndiyo inayokosa kupumzika.

Halafu kuna wadudu wa ziwani. Wanapopanda kama moshi wanafuata taa za usiku, na asubuhi koili za masanduku ya nje zimefunikwa utando mweusi unaonata. Zimeni swichi ya AC, pigeni brashi laini kufuata mapezi, kisha maji ya presha ndogo kutoka ndani kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi na hewa haipiti tena. Taa za nje zilizo karibu na masanduku hayo zihamishwe.

Msimamizi_Jengo
Asanteni sana. Tumepima: yuniti 552 kwa saa 24 za Jumapili.

Fundi415
Hiyo ni kW 23 bila mtu ndani. Kwa saa 500 tupu ni yuniti 11,500, karibu theluthi ya bili. Mkiondoa nusu mmeshapata asilimia 15 bila kugusa kingine. Zungukeni usiku na klampu mita (kipimo cha mkondo kinachobana waya), breka moja moja: AC zilizoachwa, mashine za maji ya kunywa, feni za vyoo, na chumba cha seva kilichopozwa hadi 17 wakati 24 inatosha. Pampu msiinunulie inveta ya kubadilisha kasi kwa matarajio makubwa, maana kupandisha maji hadi tangini kunadai nguvu ileile. Tafuteni bomba linalovuja.

Fungeni mita ndogo kila ghorofa na mbandike usomaji wa wiki kwenye lifti, na mpeni mlinzi orodha ya breka anazoruhusiwa kuzima saa 1 usiku. Stika haina mwenyewe, orodha ina mwenyewe.

Mna zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka, kiwango ambacho kanuni za usimamizi wa kawi za 2012 ziliweka ili jengo likaguliwe kila miaka 3 na mkaguzi mwenye leseni, ambayo siku hizi hutolewa na EPRA, mamlaka ya kawi na petroli. Na waambieni Nairobi wawalinganishe na Kisumu ya mwaka jana, mwezi kwa mwezi. Jengo la hapa, lililo kwenye joto mita 1,130 juu ya bahari, halipimwi kwa AC za jengo la Nairobi, lililo kwenye baridi karibu mita 1,700.