Tupeane uzoefu: kipimo cha mkojo huku Kusini, majibu yanaharibikia wapi?

Muuguzi, wagonjwa wa nje, Masasi

Wakuu, poleni na zamu. Siku hizi kila anayelalamika kiuno na homa anatoka na karatasi imeandikwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kabla ya kulaumu maabara, tuambiane mkojo unaharibikia wapi.

Naanza na kikopo. Mgonjwa akikabidhiwa kikopo bila maelezo, anakinga tone la kwanza mle mle. Mwambie anawe mikono. Mwanamke apanue midomo ya uke, ajisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, aanze kukojoa chooni, akinge wa katikati, amalizie chooni. Mililita 20 hadi 30 zinatosha. Vidole visiguse ndani ya kikopo wala kifuniko. Maabara wakiona seli nyingi za ngozi na bakteria wa kila aina, ile ni sampuli chafu, irudiwe. Aliye hedhini aandikwe kwenye fomu, la sivyo damu yake itasomwa kama ya figo.

Mtu wa maabara, Lindi

Sista, kwa UTI uko sahihi. Ila utaratibu huo huo unatuficha kichocho. Mayai ya minyoo yake hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, tena mengi yamo kwenye matone ya mwisho. Mkulima wa mpunga bonde la Lukuledi au mtoto anayeoga lamboni, ukimkingia mkojo wa alfajiri, wa katikati, unaweza kumwandikia hana kitu naye anakojoa damu. Kwa hao taka mkojo wa mchana, mpaka tone la mwisho. Akitembea haraka haraka au kurukaruka kidogo kwanza, ni bora zaidi.

Kuchuja ni hivi. Tikisa kikopo kwanza, maana mayai huzama chini. Vuta mililita 10 kwa bomba la sindano, funga kishikio chenye chujio la mikroni 12, sukuma taratibu. Wenye haraka hulichana chujio, mayai yanapita, jibu linatoka safi. Ukimaliza, chomoa bomba, vuta hewa, lirudishe, sukuma tena ili maji yaliyobaki yatoke. Litoe chujio kwa koleo, uso uliopokea mkojo ubaki juu kwenye slaidi, weka tone la iodini, angalia kwa lenzi ya 10. Yai la kichocho cha mkojo lina mwiba mwishoni. La kichocho cha tumbo mwiba uko ubavuni. Hesabu chujio zima. Yakifika 50 au zaidi kwa mililita 10, ni maambukizi mazito.

Na jamani, aliyemeza prazikwanteli (dawa ya kichocho) juzi msimlete leo "kuhakikisha". Mayai yaliyokufa huendelea kutoka kwa wiki kadhaa.

Mkunga, kliniki ya wajawazito, Newala

Mimi ugomvi wangu ni vijiti vya kupimia mkojo. Kichupa kinaachwa wazi dirishani asubuhi nzima, na unyevu wetu wa huku! Kile kidonge cha kukausha kinakuwa pambo. Kijiti kilichopigwa na hewa hugeuka waridi kwenye nitraiti (alama ya bakteria) hata bila bakteria. Toa kimoja, funga papo hapo.

Chovya, toa mara moja, futa ukingo wa kijiti kwenye mdomo wa kikopo, kishike kimelala rangi zisichanganyike. Kisha saa: vingi husomwa hivi, glukosi sekunde 30, protini, damu na nitraiti 60, lukosaiti (seli nyeupe za damu) 120. Fuata kichupa chako. Rangi inayokuja baada ya hapo haina maana, ingawa wapo wanaoisoma.

Mjamzito aliyepita wiki 20, presha 140/90 na protini, hasubiri kliniki ijayo. Ila ute wa uke nao hutoa protini, na mkojo mzito wa aliyeshinda shambani kwenye korosho bila maji hupandisha rangi kidogo.

Mtu wa maabara, Lindi

Niongezee hapo: nitraiti hasi haimaanishi hakuna UTI. Bakteria wanahitaji kama saa 4 kibofuni, na enterokoki hawaitengenezi kabisa. Anayemeza vitamini C kwa wingi naye anaweza kuficha damu na glukosi. Mkojo ukikaa mezani zaidi ya saa 2 bakteria wanazaliana, kuwaotesha maabara kuna maana gani tena? Weka kwenye friji, hadi saa 24.

Muuguzi, wodi ya upasuaji, Mtwara

Wenye mpira wa mkojo: usichote kwenye mfuko, ule umelala humo tangu jana. Bana mrija chini ya tundu la sampuli kwa dakika 15 hadi 30, futa tundu kwa spiriti, liache likauke, vuta mililita 10. Halafu achia kibanio! Kikisahaulika, kibofu kinajaa.

Mkojo ukishuka chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa (kilo 60 ni mililita 30), usikimbilie kuongeza dripu. Papasa na gonga juu ya mfupa wa kinena. Sauti nzito ina maana mkojo upo ila hautoki: mpira umejikunja, mgonjwa ameulalia, au damu imeganda ndani. Kibofu kikiwa kitupu, mwite daktari.

Muuguzi, wagonjwa wa nje, Masasi

Asanteni. Na wa ultrasaundi ya kibofu?

Muuguzi, wodi ya upasuaji, Mtwara

Anywe kama lita moja, saa moja kabla ya zamu yake. Ukimwambia anywe tangu asubuhi, foleni ikifika saa 7 ameshakwenda chooni mara mbili na mnaanza upya. Baada ya picha ya kwanza akakojoe, arudi apimwe unaobaki. Ukizidi mililita 100, kibofu hakijimalizi, liandikwe kwenye faili.