Kuku wa wiki 7 wanapigana hadi damu baada ya kuongeza wengine 6. Niwatenganishe au niwaache?

Uani_Kibaha

Wakuu, habari za mchana. Naomba msaada kwa wanaojua kuku.

Nina chotara 24 wa wiki 7, mapora (majogoo wachanga) na mitetea wamechanganyika. Wanalala kwenye banda la mita 2 kwa mita 1.5, mchana wanatoka kwenye kiuwanja kilichozungushiwa wavu. Jumamosi asubuhi nimewaongezea wengine 6 wa wiki 5, nikawaingiza bandani moja kwa moja. Tangu hapo hakuna amani. Wakubwa wawili wanawabana wageni kwenye kona, na wageni hawasogelei chombo mpaka wenyeji washibe. Leo nimeona jingine: mtetea mmoja wa zamani, si mgeni, ana kidonda kinachovuja damu juu ya mkia na wenzake wanamfuata nyuma.

Chombo cha chakula ni kimoja cha duara, cha maji kimoja. Wanakula pumba za mahindi na mashudu kidogo, pamoja na mabaki ya jikoni. Taa inawaka usiku kucha. Je, niwaache wamalizane? Kidonda nipake nini, maana jirani anasema oili chafu? Na kukata midomo kwa umri huu kunafaa?

---

Vichanja

Mkuu, una matatizo mawili hapo, usiyatibu kama moja. Angalia jeraha liko wapi.

Kuku wanaopangana ubabe hupigana uso kwa uso. Wanasimamisha manyoya ya shingo, wanatazamana, wanarukiana vifua, wanadonoana kichwani na kwenye upanga. Sekunde chache mmoja anainamisha kichwa au anageuka kuondoka, na ugomvi umeisha. Wakiumia ni mkwaruzo kwenye upanga. Huo uache. Ukiwaamulia kila wanaposhikana unawaahirishia tu, kesho wanaanza upya.

Kidonda cha mkiani ni kudonoana, na hakihusiani na ubabe. Anayedonoa huja kwa nyuma, kimya, bila kusimamisha manyoya, anavuta unyoya kana kwamba anaokota punje. Kuku wa wiki 5 hadi 8 wanaota manyoya mapya, na bua la unyoya mchanga lina damu ndani. Likivunjika damu inatoka, na wekundu unawaita wengine. Wakishaonja hawaachi, wanaweza kumtoboa mwenzao hadi utumbo angali hai. Kwa hiyo huyo mtoe leo, kabla ya giza.

Mng'olee unyoya wowote uliovunjika na bado unavuja. Osha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, kausha kwa kitambaa safi, kisha paka iodini (povidoni ya dukani inatosha). Watu wengi hutumia GV (ile dawa ya zambarau ya vidonda) kwa sababu zambarau yake inaficha wekundu. Mimi siipendi kwa kuku atakayeliwa au atakayetaga karibuni, bora iodini. Oili chafu sahau kabisa: inaunguza ngozi, na kuku akijisafisha manyoya kwa mdomo anaimeza. Angalia kidonda asubuhi na jioni, nzi wakitaga hapo funza ni suala la siku moja au mbili.

Ukimtenga usimpeleke mbali. Weka tenga au kizuizi cha wavu ndani ya banda hilo hilo, awaone na wamwone. Kuku akitoweka kabisa wiki nzima, akirudi anapokewa kama mgeni na utakuwa na kesi ya saba.

---

mama_kuku_TZ

Naongezea kwenye hao wawili wanaobana wageni. Wengi huwa tunamtoa anayeonewa. Kama hajaumia, toa mbabe badala yake. Mweke peke yake siku 3 au 4 asiwaone wenzake. Humo ndani mpangilio unasogea bila yeye, na akirudi anakuta nafasi yake imechukuliwa, inabidi aanze kujieleza upya. Wakiwa wawili wanaoshirikiana, watoe wote lakini warudishe kwa zamu, si siku moja.

Usiku chukua tochi upapase wageni. Gole (mfuko wa chakula), pale chini ya shingo upande wa kulia, liwe limejaa na gumu kidogo jioni wanapolala. Likiwa tupu, huyo hakula siku hiyo, hata kama mchana ulimwona amesimama karibu na chombo. Papasa na kidari: mfupa ukiwa mkali kama ukingo wa kisu, anadhoofika siku nyingi. Hapo huna muda wa kusubiri wazoeane.

---

Fundi_Mabanda

Tupige hesabu ya nafasi, maana hapo ndipo penye mzizi.

Banda lako ni mita 3 za mraba. Kuku 30 ni 10 kwa kila mita ya mraba. Kwa wiki 7 ni mwisho wa mwisho, na kufika wiki ya 10 itakuwa fujo. Kuku mkubwa hesabu 5 hadi 6 kwa mita moja ya mraba, yaani banda hilo ni la kuku 15 hadi 18, basi.

Chakula ndicho kibaya zaidi. Umri huo kila kuku anahitaji sentimita 7 hivi za ukingo wa chombo. Kuku 30 ni sentimita 210. Chombo cha duara chenye upana wa sentimita 35 kina ukingo wa sentimita 110, kwa hiyo wanakula 15 tu kwa mara moja na 15 wanasubiri. Mbabe mmoja akisimama hapo analinda chombo kizima.

Tengeneza mifereji miwili ya mita moja moja, ya mbao au ya bomba la PVC la inchi 4 lililopasuliwa kwa urefu, na uweke kijiti kinachozunguka juu ili wasipande na kunyea humo. Kila mmoja unaliwa pande zote mbili, jumla ni sentimita 400. Midomo ya mifereji ikae usawa wa mgongo wa kuku, chini ya hapo wanachakura na kumwaga. La muhimu kuliko urefu: iweke mbali mbali, mmoja bandani na mwingine uwanjani, au pembe mbili ambazo kuku mmoja hawezi kuzitazama kwa pamoja. Maji vivyo hivyo, vyombo viwili.

Kona nazo ziue. Kipande cha ubao kikiegeshwa kwenye kona kwa mshazari kinamnyima mbabe mahali pa kumbania mwenzake. Katikati ya uwanja simamisha vizuizi vya macho: kreti ya soda iliyolala ubavu, gunia lililotundikwa, ubao ulioegeshwa. Anayefukuzwa akipotea machoni sekunde mbili, mfukuzaji huwa anasahau alikuwa anafanya nini. Kila kificho kiwe na njia mbili za kutokea, chenye mlango mmoja ni mtego.

Vichanja vya kulalia: sentimita 15 kwa kila kuku, kwa 30 ni mita 4.5. Wakishakuwa wakubwa, 20. Viweke kimo kimoja, maana ukiweka ngazi kila mmoja atagombania cha juu.

---

JogooLaShamba

Mnaandika kitabu. Chukua wembe ukate midomo ya juu, wote watatulia kesho.

---

Vichanja

@JogooLaShamba hapana. Kukata midomo kunafanywa siku 10 za mwanzo, kwa mashine ya wembe wa moto inayokata na kuziba damu papo hapo, na anayefanya ni mtu aliyefundishwa. Wiki ya 7 mdomo una mishipa ya damu na ya fahamu karibu hadi nchani. Wembe wa kawaida utamwaga damu kwenye kundi ambalo tayari linatafuta damu, na kuku ataacha kula kwa maumivu. Tena hawa wanatoka nje: ncha ya mdomo ndiyo inayookota wadudu na kutoa chawa na utitiri kwenye manyoya.

Kama kuna mmoja sugu, mshike mchana kwenye mwanga, utaona ncha ya mdomo wa juu imezidi na inapitisha mwanga kama ukucha. Milimita 1 hadi 2 za hiyo sehemu kavu unaweza kuondoa kwa kikata kucha au tupa. Zaidi ya hapo usiguse.

---

Mchanganyaji

Mimi nimeona neno "pumba na mashudu kidogo" nikajua mkia umeliwa kwa nini.

Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 11. Kuku wa wiki 7 anataka 17 hadi 18. Unyoya karibu wote ni protini, na huo ndio umri wa kuota manyoya, kwa hiyo akikosa kwenye chombo ataitafuta mgongoni kwa mwenzake. Ukosefu wa chumvi unafanya hivyo hivyo, huwa wanalamba damu kwa ajili yake.

Mchanganyiko wa karibu kilo 100: mahindi yaliyoparazwa kilo 47, pumba za mahindi 20, mashudu ya alizeti 20, dagaa 10, unga wa mifupa 2, premiksi (vitamini na madini) nusu kilo, chumvi gramu 300. Unapata protini asilimia 17 hivi. Kama dagaa ni wa baharini waliokaushwa kwa chumvi, ile ya gramu 300 acha kabisa. Chumvi ikizidi wanakunywa maji mno, wanaharisha majimaji na wadogo wanakufa.

Dagaa wa kusaga pima kabla hujanunua gunia. Tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika chache. Mchanga utatua chini, na dagaa wa mjini mara nyingi ni nusu mchanga.

Usibadilishe chakula ghafla. Robo mpya na robo tatu ya zamani siku mbili, nusu kwa nusu siku mbili, kisha endelea. Wakati huo tundika fungu la mchicha, matembele au majani ya kabichi kwa kamba, usawa wa kichwa cha kuku. Lining'inie likiyumba, wasilivute chini. Mdomo ukiwa na kazi unaacha mkia. Sehemu mbili tofauti, tena, maana mbabe atalinda na mchicha.

Taa: zima. Pwani kuku wa wiki 7 hahitaji joto la taa, na mwanga usiku kucha unawanyima usingizi na kuwapa saa za ziada za kudonoana. Ukihofia kuzima ghafla watarundikana, tumia balbu ndogo nyekundu siku chache ukiwazoesha giza.

---

Uani_Kibaha

Nashukuru sana wakuu. Mtetea nimemtoa na iodini nimepaka, yuko kwenye tenga ndani ya banda. Usiku nimepapasa: wageni wanne magole matupu. Hao 6 niwatoe wote nianze upya, au niendelee? Na nimekagua chini ya kichanja, kuna vidudu vidogo sana vyekundu kwenye nyufa.

---

mama_kuku_TZ

Vidudu hivyo ni utitiri. Hujificha kwenye nyufa mchana, usiku hupanda kunyonya damu, na kuku anayewashwa hujidonoa na kudonolewa. Toa maranda yote uyachome, mwagia maji ya moto kwenye nyufa, acha ikauke juani, kisha dawa ya utitiri ya dukani kwa kufuata maelezo ya chupa. Rudia baada ya siku 7, mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Kuku watengenezee beseni la kuogea vumbi: mchanga mkavu na majivu ya kuni yaliyopoa.

Wageni watoe wote 6. Tena hao walipaswa kukaa mbali angalau wiki 2 kabla ya kuonana na wenyeji, uone kama hawana mafua au kuhara damu. Uliza walikotoka kama walichanjwa mdondo. Hujui? Chanja kundi lote kwa I-2 (chanjo ya mdondo), tone moja jichoni, na uirudie kila miezi 3.

---

Vichanja

Ndiyo, anza upya. Elewa kwanza kwa nini fujo ililipuka namna ile. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe alilieleza hili mwaka 1921: kuku hawana mfalme mmoja tu, kila kuku anajua yuko juu au chini ya kila mwenzake, wawili wawili. Kuku 24 ni jozi 276. Ulipoongeza 6 zikawa 435. Jozi mpya 159 za kuamuliwa, asubuhi moja, kwenye mita 3 za mraba.

Utaratibu ni huu. Baada ya muda wa karantini, gawa uwanja kwa wavu wa kuku, wageni upande wao, siku 7 hadi 10. Weka chakula karibu na wavu pande zote mbili ili wazoee kula wakitazamana. Kisha mpe mwanya wa kupita wadogo tu, tundu la mraba chini ya wavu. Pima kwa mgeni mkubwa kuliko wote: yeye apite, mwenyeji mdogo akwame. Wageni wataingia uwanjani kwa hiari yao na kukimbilia kwao wakibanwa. Tofauti ya wiki mbili inafifia haraka, kwa hiyo tundu halitafanya kazi muda mrefu.

Wakilingana kimo, ingiza wote 6 kwa pamoja kichanjani usiku, gizani. Usimwingize mmoja mmoja. Alfajiri uwe umeshatia chakula kwenye mifereji yote, na ukae nao saa moja ya kwanza. Kelele siku 2 au 3 ni kawaida, ndani ya siku 10 watakuwa wametulia.

---

Fundi_Mabanda

Bado mapora. Wiki ya 12 hadi 16 watawaka tena, hata mfanye nini. Hapo acha jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10, wengine uza au hamishia banda lao pekee. Mapora bila mitetea machoni mwao hukaa kwa amani ya kushangaza. Kama kati ya hao wageni kuna mwenye damu ya kuchi (kuku wa asili wa kupigana), mtoe mapema, kuchi hajui kukubali kushindwa. Na ukipunguza mapora hao, banda lako la mita 3 ndipo linawatosha waliobaki.