Mume wangu hajui kusoma, na hajui kama nimeshajua

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri.

Mume wangu ni fundi pikipiki, tuna miaka 9 ya ndoa. Barua ya shule ikija anasema macho yanamuuma, nimsomee. Juzi nimefungua daftari lake la madeni: hakuna jina hata moja. Kuna kofia, bakora, jogoo, na vistari pembeni. Kila mteja na mchoro wake! (Jogoo nadhani ni jirani yetu, ana kelele huyo.)

Nilimtajia kwa mbali madarasa ya watu wazima ya MUKEJA (mpango wa elimu ya watu wazima), akabadili mada. Mtoto yuko darasa la pili, ameanza kumpelekea kitabu.

Nimwambie nimejua, au nisubiri aseme mwenyewe? Na mliowahi kumfundisha mwenza nyumbani, mlianzaje bila kumvunjia heshima?