Mtoto ana aleji ya karanga, mama mkwe anasema atazoea. Naombeni ushauri

Mama_Masanja
Habarini wakuu. Mwanangu ana miaka minne na hospitali wamethibitisha ana aleji ya karanga. Maelekezo ya daktari ninayo. Ninachoomba ni uzoefu wa wazazi wanaoishi na jambo hili kila siku, hasa walioko huku Kanda ya Ziwa, maana mnajua majiko yetu yalivyo. Nsansa, yale majani ya mboga yaliyokaushwa, inaungwa kwa karanga, kisamvu kwa karanga, na mtu akila matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pembeni ana karanga za kukaanga.

Ilivyokuwa ni hivi: mwenzake alimpa kipande cha kashata ya karanga. Haikuchukua muda midomo ikavimba, mabaka mwili mzima, akatapika, kifua kikaanza kumbana. Alichomwa sindano hospitali akarudi vizuri. Tangu hapo karanga haziingii nyumbani kwetu Nyegezi, Mwanza. Shida iko nje ya nyumba.

Mama mkwe anaishi Magu. Anampenda sana mjukuu wake na likizo ya Desemba anataka aende kwake. Nilipomweleza akasema amelea watoto na wajukuu kwa mboga ya karanga na hakuna aliyedhurika, kwa hiyo tumpe kidogo kidogo atazoea. Mawifi wanaona naleta mambo ya mjini. Baba watoto hataki kumuudhi mama yake. Shuleni nako wanakunywa uji wa lishe. Halafu mdogo wake ana miezi mitano, sijui naye nimzuie karanga mpaka lini. Nisaidieni, nimechoka kulala na hofu.

Mzee_wa_Kirumba
Pole binti yangu. Zamani mtoto akivimba tulimnywesha maziwa, akalala, asubuhi yuko sawa. Mama mkwe wako asikuudhi, anasema alichokiona kwa macho yake. Ila na mimi nakubali kwamba hatukujua waliokufa ghafla walikufa kwa nini. Wengi tulisema wamerogwa.

Nesi_Igoma
Shikamoo mzee. Umesema jambo la kweli. Mtoto akipata aleji ndogo, mabaka na kuwashwa, mara nyingi hupoa yenyewe hata bila dawa, ndiyo maana maziwa yalionekana yanatibu. Tatizo ni kwamba aleji ya safari hii haikwambii ya safari ijayo itakuwaje. Inaweza kuanza na mdomo kuwasha, ikaishia kwenye pumzi.

Mama Masanja, kwa mtoto aliyeshabanwa kifua, dawa ya kuokoa maisha ni adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Dawa za kawaida za aleji, setrizini na Piriton, zinapunguza kuwashwa tu, hazifungui koo wala hazipandishi presha iliyoshuka. Watu wengi wanapoteza muda hapa: wanampa mtoto dawa hizo za maji, halafu wanakaa kumwangalia. Ukiona anakohoa mfululizo, sauti imebadilika, kifua kinapiga mluzi, anatapika huku ana mabaka, au amelegea, usisubiri. Mlaze, miguu iwe juu kidogo. Kama anapumua kwa shida mwache akae, lakini usimsimamishe wala kumtembeza. Mbebe mpaka kwenye gari. Hata akipata nafuu abaki hospitali wamwangalie kwa saa kadhaa, kwa sababu hali inaweza kurudi baada ya kutulia.

Muulize daktari wako kuhusu adrenalini ya kukaa nayo. Sindano ya kalamu, ile inayokuja na dozi ndani tayari kuchoma, mimi sijawahi kuiona kwenye maduka ya dawa ya hapa mjini, lakini ya kichupa zahanati nyingi wanayo. Kipimo hutegemea uzito, akuandikie kwenye karatasi na akufundishe.

Kuhusu "kidogo kidogo atazoea": matibabu ya namna hiyo yapo kweli. Marekani waliidhinisha unga maalumu wa karanga mwaka 2020. Unaanza na chembe inayopimwa kwa miligramu, na dozi ya kwanza inatolewa kliniki, adrenalini ikiwa mezani. Kijiko cha mboga jikoni hakina kipimo hicho. Mwambie bibi hivyohivyo. Wazo lake hata madaktari wanalo, ila wanalifanya pale ambapo mtoto akizidiwa wanaweza kumrudisha.

Baba_Nkwimba
Binti yangu ana aleji hiyohiyo, sasa yuko darasa la tatu. Nakwambia kitu ambacho watu hawakifikirii: mashine ya kusaga. Wenye mashine nyingi wanasaga na unga wa lishe, humo mna mahindi, mtama, soya na karanga. Ukifuata wewe na mahindi yako, unga wa mwanzo unaotoka umebeba mabaki ya aliyetangulia. Simama karibu na mdomo wa mashine uone, kuna utando wa mafuta umeganda pale kitambaa kinapofungwa. Sisi tunasagisha kwa jamaa ambaye hasagi lishe kabisa, ni mbali kidogo lakini tumezoea. Lishe ya mtoto tunachanganya wenyewe, bila karanga.

Jingine ni mikono. Wageni wakija wametafuna karanga wakamshika mtoto, wanawe kwa sabuni na maji. Sanitaiza haiondoi karanga, inaua vijidudu tu. Na vitumbua, bagia, mihogo ya barabarani, uliza mafuta yamekaangia nini kabla. Harufu peke yake isikutie wasiwasi sana, hatari kubwa ni kumeza. Binti yangu tunapita naye stendi wauza karanga wamejaa na hana shida. Lakini vumbi la mashine simpeleki.

Ticha_Buhongwa
Kwa shule usiishie kwa mwalimu wa darasa. Mwone mwalimu mkuu pamoja na mpishi, na karatasi ya daktari mkononi. Wapishi hubadilika, kwa hiyo karatasi nyingine ibandikwe ukutani jikoni. Mtoto aende na uji wake kwenye chupa yenye jina. Mwaka wa kwanza tulimkalisha mtoto wa namna hii peke yake wakati wa uji, akawa analia hataki shule. Tulipowaeleza wenzake kwa maneno ya kitoto, wao ndio wakawa walinzi wake. Watoto wa chekechea wakishajua jambo, hawakosi kulisema.

Binti_Ukerewe
Dada, mimi nitaongelea bibi, maana nimepitia.

Mkamwana hawezi kumfundisha mama mkwe kupika. Hata ukisema kwa upole namna gani, anachosikia ni kwamba umedharau sufuria yake. Mwenye kusema ni mwanawe, na aseme peke yao, wewe usiwepo. Kwetu mume wangu alisita hivyohivyo, nikamwomba jambo moja tu: ampeleke mama kliniki siku ya mtoto. Daktari alimweleza kwa Kisukuma, akamwonyesha picha za mtoto aliyevimba. Alitoka pale amenyamaza. Tulipofika nyumbani aliuliza kama hata mwiko ni tatizo.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewana, kwa sababu alipewa kazi. Yeye ndiye mlinzi, si mshitakiwa. Mboga ya mtoto anaiunga kwa samli au maziwa, kama wafugaji wanavyofanya siku zote, na anaona fahari kuipika. Tulimnunulia kinu kidogo kipya. Kile cha zamani usikitumie hata kikioshwa, mti umekunywa mafuta ya karanga miaka yote, na kwenye nyufa za chini kuna unga mweupe uliokauka ambao haufikiwi na brashi. Sufuria ya chuma ikisuguliwa vizuri haina neno.

Lakini Desemba hii usimwache kule peke yake. Nenda naye, kaa siku chache, mzunguke jikoni pamoja. Ulizia kabisa zahanati ya karibu kama wana adrenalini na kama usiku kuna mtu. Mimi kisiwani ndilo lililonitesa zaidi, usiku wa manane huna kivuko cha kukimbilia hospitali ya Bugando, Mwanza.

Mama_Masanja
Nimesoma kila neno, wabeja sana. Suala la mume kusema na mama yake wakiwa peke yao nimemsomea mwenyewe hapa, amekubali. Kliniki tuna siku mwezi ujao, bibi atakuja. Nesi, bado sijapata jibu la huyu mdogo. Na njugu mawe je? Bibi anazilima.

Nesi_Igoma
Samahani, niliruka. Kumzuia mdogo karanga kwa sababu tu kaka yake ana aleji si ushauri wa sasa. Utafiti uliofanyika London na kutolewa mwaka 2015 uliwachukua watoto wachanga wenye ukurutu mkali (pumu ya ngozi) au aleji ya mayai. Walioanzishiwa karanga mapema walipata aleji hiyo kwa uchache sana kuliko waliozuiwa. Lakini usianze mwenyewe. Kama ana ukurutu, daktari amwone kwanza. Akiruhusu, iwe siagi ya karanga laini ndani ya uji, atakapoanza vyakula vingine. Punje nzima hapana mpaka afike miaka mitano, zinapalia. Na alishwe kwa bibi yake au kwa shangazi, anawishwe ndipo arudi kwa kaka yake.

Njugu mawe ni jamii ya kunde kama karanga, usimjaribishie nyumbani. Korosho ni ya mti, ni jamii tofauti, lakini wapo wenye aleji ya zote mbili, kwa hiyo nayo aulizwe daktari. Maharage kama anakula siku zote na hana shida, aendelee kula.

Baba_Nkwimba
Na ukienda Magu, beba unga wako.