Diploma ya uuguzi ukiwa kazini: Bodi ya Mikopo, benki, kikoba au mwajiri?

Mhudumu wa Mwanza
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mhudumu wa afya kwenye hospitali binafsi hapa Mwanza, mwaka wa nne huu natandika vitanda na kusukuma wagonjwa kwenda eksirei. Nimechaguliwa diploma ya uuguzi na ukunga, chuo binafsi hapahapa mjini, miaka mitatu, tunaanza Oktoba. Ada ni 1,600,000 kwa mwaka, nusu Oktoba na nusu Machi. Bado sare, bima ya afya ya NHIF 50,400 na nauli. Nyumba silipi, naishi kwa shangazi Buzuruga na mwanangu mmoja.

Nina mkataba, na nikishakatwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) mshahara ukifika mkononi ni 340,000. Akiba ninayo 600,000, na kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hisa zangu zimefika 310,000. Nawaza Bodi ya Mikopo, benki, kikoba au kumpigia magoti mwajiri. Aliyepitia anisaidie, kazi sitaki kuiacha.

Mzee wa Kupita
Hongera dada. Mbona jambo lenyewe jepesi? Omba Bodi. Siku hizi hata diploma wanapewa, afya ikiwemo. Utalipa ukishaajiriwa.

Sista Tabora
Mzee wa Kupita, habari nusunusu ndizo zinazowaponza watu. Ni kweli diploma za afya zimeingia tangu mwaka wa masomo 2023/2024. Lakini shuka mpaka kwenye masharti: mwombaji asiwe na kipato cha ajira au mkataba rasmi, serikalini au sekta binafsi. Dada ana mkataba, na NSSF anakatwa kila mwezi. Mkopo ule umelengwa kwa mtoto anayetoka shule, si kwa mtu ambaye tayari ana mshahara, hata uwe mdogo kiasi gani.

Mhudumu wa Mwanza
Sista asante. Na nikiacha kazi kabla ya kuomba?

Sista Tabora
Hapo utakuwa na haki ya kuomba, si ya kupata. Majina hutoka kwa awamu, unaweza kuwa umeshakaa darasani wiki kadhaa hujui lako limo au halimo. Na usiseme utaishi kwa NSSF: fao la kukosa ajira halimhusu aliyeandika barua ya kuacha mwenyewe. Ukija kuupata mkopo, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hilo si baya, mimi nimekatwa mpaka nimemaliza. Ila kwako mlango huo umefungwa, tuangalie mingine.

Baba Junior Dom
Mimi nilitoka cheti kwenda diploma kwa mkopo wa benki. Ni mtumishi wa halmashauri, kwa hiyo nilijaza fomu, mwajiri akagonga muhuri, siku chache hela ikaingia. Shida yake ni hii: sheria inataka makato yote yakishatoka ubakiwe na theluthi moja ya mshahara wa msingi. Mimi nilikuwa na mkopo wa nyuma wa kununulia bati, nikafika palepale kwenye theluthi. Miaka miwili naenda wodini na chai ya rangi kwenye chupa.

Kwa mtu wa sekta binafsi, swali la kwanza si riba. Muulize mhasibu wenu kama hospitali ina makubaliano na benki ya kukata mkopo moja kwa moja kwenye mshahara. Kama hayapo, pale kaunta watakutazama tu. Kama yapo, ulizia mkopo wa elimu wenyewe, usiingie kwenye mkopo wa kawaida wa wafanyakazi. NMB walizindua wa elimu mwaka 2022 kwa riba ya asilimia 9, ambao ni nafuu, lakini ni kwa wenye mshahara unaopitia kwao.

Mhudumu wa Mwanza
Kaka, sisi tunapewa bahasha. Tunasaini daftari.

Baba Junior Dom
Basi dada yangu, benki iache ipumzike.

Mzee wa Kupita
Zile za halmashauri je? Asilimia 10 ya mapato: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Hazina riba kabisa!

Sista Tabora
Ni za vikundi vyenye mradi, mzee wangu. Ukipeleka andiko la kulipa ada wanalirudisha. Na ukichukua za kufugia kuku ukalipia chuo, wenzako wa kikundi ndio watakaohangaika na marejesho.

Mama Kulwa Igoma
Mwanangu, mimi ni mweka hazina wa kikoba mwaka wa saba. Nimesomesha wawili, mmoja ni nesi. Nisikilize.

Kwetu unakopa mpaka mara tatu ya hisa, riba asilimia 10, unarudisha ndani ya miezi mitatu. Hisa zako zinaweza kukupa hata laki tisa. USICHUKUE LAKI TISA. Ukichukua, marejesho ni 990,000 kwa miezi mitatu, yaani 330,000 kwa mwezi, na wewe mshahara wako ni 340,000. Utakula nini, na mtoto?

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalioni. Vikoba vingi vinavunjwa Desemba na kila mtu anapewa mgao wake, chuo kinataka hela Oktoba na Machi. Oktoba hela yako bado imefungiwa kwenye sanduku. Desemba inatoka, na Desemba unaijua: nguo za sikukuu, nauli ya kijijini, shangazi ana msiba. Ikifika Machi hakuna kitu, na kikoba kipya kina miezi miwili, hisa zako ni za kununulia chumvi. Nimeona mabinti wengi wameanza Oktoba vizuri. Wanaorudi nyumbani wanarudi Machi.

Kijana wa Njombe
Mama Kulwa kasema kweli tupu. Ninaongeza ya mwajiri, maana yalinikuta.

Hospitali niliyokuwa nafanya kazi ilinilipia ada yote. Nilifurahi, nikasaini mkataba bila kuusoma. Kumbe kila mwaka wa kusoma ni miaka miwili ya kuwatumikia, kwa mshahara ule wa kabla sijasoma. Nilipomaliza, cheti changu halisi kikakaa kwenye kabati la katibu. Nilipata nafasi nzuri mkoa mwingine, nikashindwa hata kwenda kwenye usaili. Sisemi ukatae, bila wao nisingekuwa muuguzi. Ila kabla ya kusaini uliza mambo matatu: miaka mingapi, kwa mshahara upi, na ukitaka kuondoka mapema unarudisha kiasi gani. Cheti usiachie. Wape nakala.

Mkunga Kisumu
Nawasalimu kutoka Kenya. Huku wengi wetu tumetegemea sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Unakopa mara tatu ya akiba lakini lazima upate wadhamini, na wadhamini wenyewe ni wale wale mnaofanya nao kazi wodi moja. Ukikwama wanakatwa wao, halafu mnakutana zamu ya usiku hamsalimiani. 😅

Kilichonifaa mimi zaidi kilikuwa kusoma nikiwa kazini. Shirika la afya la Amref lilianzisha mwaka 2005 masomo ya uuguzi kwa njia ya mtandao, kwa wauguzi wa cheti wanaotaka diploma. Nilikuwa tayari muuguzi, kwa hiyo nilifaa. Kwa dada ambaye anaanza kutoka uhudumu sioni kama njia hiyo ipo.

Sista Tabora
Haipo, na hapo ndipo lilipo swali ambalo dada hajauliza. Uuguzi hausomwi jioni. Muhula wa kwanza utakuwa darasani mchana, sawa. Baadaye unapangiwa wodini, na ratiba ya wodi anaipanga mwalimu, si wewe. Kuna wiki utapewa usiku na kazini kwako pia ni usiku. Kabla ya kuhesabu hela, nenda kwa matroni wako ujue atakupa zamu gani na atakubali ubadilishane na wenzako mara ngapi. Na mtu asikudanganye kuziba pengo kwa kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa. Nilisoma na binti aliyechukua laki tatu arudishe 390,000 baada ya mwezi. Akashindwa, akachukua kwa mwingine kumlipa wa kwanza. Walikuja kubeba mpaka godoro lake.

Mhudumu wa Mwanza
Nimerudi, samahani nilikuwa zamu. Nimefanya mlivyosema.

Matroni amekubali usiku tatu kwa wiki, Ijumaa mpaka Jumapili, mshahara ushuke mpaka 200,000. Ya kunilipia ada mwenye hospitali amesema tuongee mwakani.

Chuoni nimempigia mhasibu, nikamwomba awamu nne badala ya mbili. Amekubali 400,000 mara nne: Oktoba, Desemba, Machi, Mei. Kwa hiyo Oktoba nalipa ada na bima kutoka kwenye akiba, nabaki na 149,600 ya sare na nauli. Kikoba sikopi, naendelea na hisa za elfu kumi kila wiki, Desemba mgao unaenda chuoni moja kwa moja kabla shangazi hajasikia. Machi ndiyo inaninyima usingizi.

Mama Kulwa Igoma
Januari anza kununua hisa upya siku ya kwanza, Machi ukope kidogo tu cha kujazia. Wewe sasa una mahesabu. Huyo mhasibu amekupa maandishi?

Mhudumu wa Mwanza
Hapana mama, ni kwa simu. Amesema hamna tatizo.

Kijana wa Njombe
Tatizo lipo! Siku ya mtihani mlangoni anakaa mtu mwingine na orodha ya wanaodaiwa.

Mama Kulwa Igoma
Jumatatu nenda na barua, mwanangu, tarehe zote nne na kiasi uziandike. Nakala mbili. Moja waache kwao, nyingine wakugongee muhuri urudi nayo.